Kupima mafanikio ya kazi ya madaktari vijana: tofauti ya jinsia imo kwa watu au imo kwenye kipimo?

Swali, kutoka kwa MtafitiWaZamu

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu mafanikio ya kazi miongoni mwa madaktari vijana, yaani wale walio ndani ya miaka kumi ya kwanza tangu wamalize shahada ya udaktari, na ninataka kulinganisha wanaume na wanawake. Mimi mwenyewe ni daktari, na nilidhani sehemu ngumu ingekuwa kuwapata washiriki, kwa sababu kila afanyaye kazi kwa zamu anaijua thamani ya dakika ishirini za mapumziko. Kumbe ugumu ulikuwa unanisubiri mapema zaidi: sina hakika nipime nini.

Dodoso langu la kwanza lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza iliuliza mambo yanayohesabika, kama vile idadi ya machapisho, ruzuku za utafiti, cheo, mshahara, na kama mtu ameanza mafunzo ya ubingwa au bado. Sehemu ya pili iliuliza jinsi mtu anavyoyaona mafanikio yake mwenyewe. Mgawanyo huu si wangu. Mwanasosholojia Everett Hughes aliutenganisha tangu mwaka 1937 upande wa kazi unaoonekana na watu wa nje na upande anaouona mwenye kazi mwenyewe, na watafiti wengi waliomfuata wameendelea kuutumia.

Kabla ya kuanza utafiti nililijaribu dodoso kwa wenzangu wachache. Nilikaa pembeni ya kila mmoja nikamwomba asome maswali kwa sauti na aseme linalomjia akilini anapojibu. Daktari mmoja wa kike, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku, alifika kwenye swali lisemalo, "Ukijilinganisha na wenzako, umefanikiwa kwa kiasi gani katika kazi yako?" Kalamu yake ikabaki juu ya karatasi bila kuandika. Kisha akaniuliza, "Wenzangu wepi? Wote niliohitimu nao, au wale wenye watoto wadogo kama mimi?" Nilimwambia ajibu kama anavyoona mwenyewe, naye akazungushia 4 kati ya 5. Mwanamume aliyemfuata hakusita hata kidogo. Alizungushia 3, na nilipomuuliza alikuwa akiwafikiria wenzake gani, alimtaja mtu mmoja tu, ambaye tayari ni mkuu wa kitengo.

Namba hizo mbili zikiingia kwenye kompyuta jinsi zilivyo, yule dada atahesabiwa kuwa anajiona amefanikiwa zaidi, ilhali kwa orodha ya sehemu ya kwanza mambo ni kinyume kabisa. Ninaomba msaada wenu katika mambo mawili. Kwanza, je, kuna namna ya kupima inayokubalika ambayo haimpi mmoja wa jinsia hizi mbili faida au hasara kabla hata hajajibu? Pili, nikikuta tofauti, nitajuaje kwamba ni tofauti ya mafanikio na si tofauti ya namna watu walivyolisoma swali?

Jibu la kwanza, kutoka kwa MwalimuWaVipimo

Ndugu MtafitiWaZamu, hongera kwa kukaa pembeni ya washiriki wako badala ya kuwatumia karatasi na kusubiri majibu. Watu wengi huligundua jambo hili wakati data zimeshakusanywa na hakuna la kufanya tena.

Nianze na upande unaohesabika, kwa sababu ndio unaodhaniwa kuwa salama. Kwa madaktari vijana, mfano unaofaa kuusoma kwa makini ni utafiti wa Uswisi ulioanza mwaka 2001, uliowafuatilia wahitimu wa udaktari wa sehemu ya nchi hiyo inayozungumza Kijerumani kwa miaka mingi. Watafiti hao waliunda kipimo kifupi cha mafanikio ya kazi, wakakichapisha mwaka 2008, na vipengele vyake ni hatua za kitaaluma kama machapisho na ruzuku za utafiti. Baadaye waliripoti kwamba madaktari wa kike, hasa wenye watoto, walikuwa na alama za chini za mafanikio na walipata msaada mdogo zaidi wa kuendeleza kazi zao. Mimi ninakiheshimu kipimo kile kwa sababu kinasema waziwazi kwamba kinapima hatua za kitaaluma. Tatizo huanza pale mtu mwingine anapokichukua na kukiita kipimo cha mafanikio ya udaktari kwa jumla, kisha akampa daktari wa wodi ambaye hajawahi kutaka kuwa profesa. Daktari huyo atapata alama ya chini sana, na alama hiyo itakuwa inatuambia alikochagua kwenda, wala haitatuambia kama amefika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa jina. Sehemu yako ya kwanza usiiite "mafanikio". Iite "hatua za kitaaluma, cheo na kipato", na kila kimoja kiwe na alama yake peke yake. Ukivijumlisha vyote kuwa alama moja, utakuwa umeamua wewe, kimyakimya, kwamba machapisho mawili yana uzito sawa na kupanda daraja moja, na uamuzi wa namna hiyo hauna ushahidi wowote nyuma yake.

Sasa upande wa pili. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha maswali matano kilichochapishwa mwaka 1990 na Greenhaus, Parasuraman na Wormley, kinachouliza mtu ameridhika kwa kiasi gani na mafanikio aliyoyapata, na hatua alizopiga kuelekea malengo yake ya jumla, ya kipato, ya kupanda ngazi na ya kupata ujuzi mpya. Litazame neno "malengo yake". Daktari aliyetamani kuwa daktari bingwa wa upasuaji, akaambiwa na kila aliyekutana naye kwamba upasuaji haupatani na malezi, akachagua fani nyingine, anaweza kujibu miaka mitano baadaye kwamba ameyafikia malengo yake vizuri sana. Hasemi uongo. Malengo yake yalipunguzwa kabla hujafika na dodoso lako. Mwanasaikolojia Faye Crosby alilionyesha jambo linalokaribiana na hili mwaka 1982: wanawake waliolipwa pungufu kuliko wanaume wenye kazi zinazolingana na zao hawakuwa na kinyongo zaidi kuliko wanaume hao kuhusu kazi zao wenyewe. Maelezo mojawapo ni lile swali la dada yako wa zamu ya usiku: wenzangu wepi? Mtu anayejilinganisha na wanaolipwa kidogo kama yeye hawezi kuona pengo.

Nakushauri uongeze maswali mawili mafupi kabla ya yale matano. La kwanza: ulipokuwa unamaliza shahada, ulitaka kufika wapi ndani ya miaka kumi? La pili: unapofikiria kama umefanikiwa, unajilinganisha na nani hasa? Mpe nafasi ya kuandika kwa maneno yake mwenyewe, usimpangie machaguo.

Kuhusu swali lako la pili, kitu unachokitafuta ni usawa wa kipimo baina ya makundi. Maana yake ni kwamba watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye kiwango kilekile cha kuridhika ndani ya nafsi zao, watarajiwe kutoa jibu lilelile kwenye kila swali. Hilo hujaribiwa kwa takwimu kwa hatua zinazofuatana. Kwanza unaangalia kama maswali yale matano yanaungana kwa namna moja katika makundi yote mawili. Kisha kama kila swali lina uzito uleule. Kisha kama pa kuanzia pa kila swali ni palepale, yaani kama watu walioridhika sawa huzungushia namba ileile kwa wastani, wawe wanaume au wanawake. Ukifeli katika hatua hii ya tatu, huna ruhusa ya kulinganisha wastani wa wanaume na wastani wa wanawake, hata kama tofauti inaonekana kubwa na inapendeza kuiandika. Majaribio haya yanataka washiriki wengi katika kila kundi. Kama hutawapata, baki na mahojiano ya kina ya watu wachache na uyaandike vizuri. Hiyo nayo ni tasnifu.

Jibu la pili, kutoka kwa DaktariMlezi

Mwanangu, mimi si mtu wa takwimu. Ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na nimewalea madaktari vijana wengi. Ninataka kukueleza jinsi sehemu yako ya kwanza inavyofanya kazi pale ambapo maisha ya mtu yanaamuliwa.

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya kumchagua daktari mmoja kati ya wawili kwa nafasi ya ukufunzi. Wote wawili walikuwa na idadi ileile ya miaka tangu wahitimu. Faili la kwanza lilikuwa nene, lenye machapisho mengi. Faili la pili lilikuwa na machapisho machache, na ndani yake, katikati ya vyeti, palikuwa na jedwali la zamu la wodi nzima, lililochorwa kwa rula na kuandikwa kwa mkono, lenye majina yaliyofutwa na kubadilishwa kila mtu alipougua au kufiwa. Daktari yule alikuwa amelisimamia jedwali hilo kwa miaka miwili, na katika miaka hiyohiyo alikwenda likizo ya uzazi na kurudi. Mwenyekiti alilitazama lile jedwali, akaligeuza, akauliza kwa adabu kabisa, "Hili limewekwa humu kwa bahati mbaya?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu mbele yake, na kwenye fomu hapakuwa na kisanduku cha jedwali la zamu. Nilinyamaza siku ile, na mpaka leo ninajuta kwamba nilinyamaza.

Kwa hiyo ninakuomba uulize kazi zisizo na kisanduku. Nani hupanga zamu? Nani hubaki na wanafunzi kando ya kitanda cha mgonjwa saa za kazi zikiwa zimekwisha? Nani hutumwa kuzungumza na familia iliyofiwa, kwa sababu inasemekana "yeye anajua kuongea na watu"? Wodi isingesimama bila kazi hizi, lakini hazimpandishi mtu cheo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na katika hospitali walioviunda mara nyingi hawamo kwenye orodha ya waliofanikiwa.

Pia ufikirie kwa makini kabla ya kuchukua kipato kama ushahidi wa ubora. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 kuhusu madaktari wa huduma za msingi ulikuta kwamba madaktari wa kike waliingiza mapato ya pungufu ya asilimia 10.9 kutokana na wagonjwa waliowaona kwa mwaka, kwa sababu walikuwa na miadi michache zaidi. Lakini kwa kila mgonjwa walikaa wastani wa dakika 2.4 zaidi. Na utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo, wa mwaka 2017, uliwatazama wagonjwa wazee waliolazwa hospitalini na kukuta kwamba kati ya waliotibiwa na madaktari wa kike, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 11.07, na kati ya waliotibiwa na madaktari wa kiume walikuwa asilimia 11.49. Tofauti hiyo ni ndogo, nami sisemi kwamba wanawake ni madaktari bora. Ninachosema ni kwamba ukipima kwa pesa utapata mpangilio mmoja, ukipima kwa mgonjwa utapata mwingine, na mgonjwa ndiye aliyetufanya tusome udaktari.

Jambo la mwisho ni muda. Miaka tangu kuhitimu si sawa na miaka ya kufanya kazi. Baraza la Utafiti la Ulaya hulijua hilo: watafiti vijana wanaoomba ruzuku zake huwa na ukomo wa miaka tangu wapate shahada ya uzamivu, na mama huongezewa miezi 18 kwa kila mtoto, na baba huongezewa muda wa likizo ya malezi aliyoichukua kwa uthibitisho. Ukigawanya machapisho, yagawanye kwa miezi ambayo mtu alikuwa kazini kweli. Uliza miezi hiyo moja kwa moja, usiibuni kwa kutoa mwaka wa kuhitimu kutoka mwaka huu.

Jibu la tatu, kutoka kwa BabaNaDaktari

Ninamshukuru Mama DaktariMlezi kwa aliyoyasema, na bado kuna mahali ambapo ninaona hatari.

Tukilikuza neno "mafanikio" mpaka likabeba kila kitu, yaani kuridhika, kupendwa na wagonjwa, kupanga zamu na kulea watoto, tutafika mahali ambapo mwajiri atasema kwamba wanawake wake wamefanikiwa kwa namna yao na wanaume kwa namna yao, na kwamba hakuna la kurekebisha. Cheo na mshahara vinaumiza kwa sababu ni vitu halisi. Mwaka 2014, katika vyuo vya udaktari vya Marekani, asilimia 28.6 ya walimu wa kiume walikuwa maprofesa kamili, wakati kwa wanawake ilikuwa asilimia 11.9, na pengo halikuisha hata baada ya kuzingatia umri, uzoefu, fani na machapisho. Nisingependa namba kama hizi zizamishwe kwenye alama ya jumla ya ustawi. Ndiyo maana ninaunga mkono ushauri wa Mwalimu wa kuweka kila alama peke yake.

Jambo la pili linatuhusu sisi wanaume. Dodoso nyingi nilizowahi kujaza huuliza idadi ya watoto na kuishia hapo. Mimi na mke wangu, ambaye naye ni daktari, tuna idadi ileile ya watoto, lakini kwenye kazi zetu idadi hiyo haijawahi kufanya jambo lilelile. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa niliomba likizo ya wiki chache. Mkuu wangu wa idara aliniuliza kwa wasiwasi wa kweli kama mke wangu alikuwa mgonjwa. Nilipomwambia hapana, yu mzima, alikaa kimya, kisha akasaini, na tangu siku hiyo nilihisi kwamba ninatazamwa kama mtu asiye na njaa ya kazi. Mke wangu hakuulizwa swali lolote alipoomba yake, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameshamhesabu kuwa ataondoka.

Kwa hiyo usiulize watoto tu. Uliza saa za malezi na kazi za nyumbani kwa wiki, na uwaulize wanaume na wanawake sawasawa. Kati ya madaktari watafiti vijana wa Marekani wenye wenzi na watoto, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake walitumia saa 8.5 zaidi kwa wiki kwenye kazi za nyumbani kuliko wanaume, hata baada ya kuzingatia mambo mengine. Saa hizo ni siku nzima ya kazi. Utafiti mwingine wa huko, wa mwaka 2019, uliwafuata madaktari miaka sita baada ya kumaliza mafunzo na kukuta kwamba asilimia 22.6 ya wanawake hawakuwa wakifanya kazi muda wote, na wanaume asilimia 3.6 tu. Ukipima watoto bila kupima saa, utaona kwamba watoto "humpunguza" mwanamke na "hawamgusi" mwanamume, na utaandika hivyo, na msomaji ataelewa kwamba ni maumbile.

MtafitiWaZamu anajibu

Ninawashukuru wote kutoka moyoni. Mama DaktariMlezi, jedwali lile sitalisahau.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Msimamizi wangu ananishauri niweke kwenye hesabu kila kitu kinachoweza kueleza tofauti ya mshahara, yaani fani, cheo, machapisho, uongozi na saa za kazi, na kitakachobaki ndicho nikiite athari ya jinsia. Pia amependekeza nitumie tathmini za wakufunzi kama kipimo kisichoegemea upande wowote, kwa kuwa hazitokani na mtu mwenyewe. Je, ni sahihi?

MwalimuWaVipimo anaongeza

Msimamizi wako yuko sahihi nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye mtego.

Chukua mfano mmoja. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa madaktari watafiti 800 wa Marekani, wote wakiwa wamewahi kushinda ruzuku zenye ushindani mkali za kuwaandaa vijana, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba wanawake wale hawakuwa na bidii. Wastani wa mshahara kwa wanaume ulikuwa dola 200,433 na kwa wanawake dola 167,669. Pengo ni dola 32,764. Baada ya kuzingatia fani, cheo, uongozi, machapisho na muda wa utafiti, pengo lililobaki lilikuwa dola 13,399. Msomaji mwenye haraka huliona hilo la pili kuwa ndilo pengo "la kweli", na zile dola elfu kumi na tisa na ushei zilizotoweka huzihesabu kuwa zimeelezwa, kana kwamba kuelezwa ni kuhalalishwa. Lakini cheo ni nini? Ikiwa mwanamke anacheleweshwa kupanda cheo kwa sababu ya jinsia yake, kisha wewe ukamlinganisha na mwanamume wa cheo kilekile tu, umeifuta kwa mkono wako sehemu ya athari uliyokuja kuitafuta. Umeuliza: wakishafika mahali pamoja, wanalipwa sawa? Hilo ni swali halali, ila silo la kwanza. La kwanza ni nani anafika.

Kwa hiyo toa matokeo kwa ngazi. Onyesha pengo ghafi. Kisha onyesha pengo baada ya kuzingatia yale yaliyokuwepo kabla ya kazi kuanza, kama umri na alama za kuhitimu. Mwisho kabisa ndipo uingize fani, cheo na saa, na useme wazi kwamba hivi navyo huenda ni matokeo ya jinsia. Msomaji aone kila hatua imeondoa kiasi gani.

Kuhusu tathmini za wakufunzi, mwambie msimamizi wako kwa heshima kwamba hazina usafi anaoudhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu madaktari wa mafunzo ya tiba ya dharura huko Marekani ulikuta kwamba wanaume na wanawake walianza wakiwa na alama zinazokaribiana, lakini kufikia mwaka wa mwisho wanaume walikuwa wamepewa alama za juu kwa kiasi kinacholingana na miezi mitatu hadi minne ya mafunzo, wawe wamepimwa na wakufunzi wa kiume au wa kike. Inawezekana kwamba wanawake walifundishwa pungufu, na inawezekana kwamba walitazamwa kwa jicho tofauti. Alama yenyewe haiwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo. Zikusanye ukitaka, ila uziweke upande wa mambo yanayohitaji kuelezwa.

Na umtafute asiyekuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo, na hakuna mahali methali hiyo inapouma kama kwenye orodha ya washiriki inayotokana na hospitali. Daktari aliyeacha kazi mwaka wa tatu hayumo kwenye orodha hiyo. Ikiwa walioacha ni wanawake wengi zaidi, wale uliobaki nao ni waliovumilia, na ukiwapima utasema wanawake wako vizuri. Anza na orodha ya wahitimu wa mwaka mmoja, uwafuate popote walipo, hata kama baadhi yao sasa wanafanya shughuli nyingine kabisa.

MtafitiWaZamu anajibu

Nimeipata orodha ya wahitimu wa mwaka mmoja, na nimeanza kuwatafuta waliotoka kwenye udaktari. Swali langu la zamani nimeliandika upya hivi: "Taja, kwa maneno yako, watu unaojilinganisha nao unapofikiria mafanikio yako ya kazi. Ukijilinganisha na watu hao, umefanikiwa kwa kiasi gani? Na ukijilinganisha na wote uliohitimu nao mwaka uleule, wanaume kwa wanawake, umefanikiwa kwa kiasi gani?" Nimeweka pia saa za malezi kwa kila mtu, miezi aliyokuwa kazini, na ukurasa mzima wa kazi zisizo na kisanduku, kuanzia jedwali la zamu.

Jibu kutoka kwa DaktariMlezi

Ni zuri, mwanangu. Rekebisha kitu kimoja tu. Kwenye ukurasa ule wa kazi zisizo na kisanduku usiulize "Je, huwa unafanya?" kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo, na wengi watakuwa wanasema kweli. Uliza, "Mara ya mwisho kazi hii ilipofanyika kwenye wodi yako, ilifanywa na nani, na ilichukua saa ngapi?" Yule aliyechora jedwali kwa rula ataikumbuka hata siku.